Taa ya Uvunguni

Alhamisi, 19 Septemba

Dagaa wamekauka upande mmoja. Nimewageuza, nimefukuza kunguru, nimekaa. Mbalamwezi imekolea. Mitumbwi yote imevutwa mchangani na wanaume wanalala kama watoto wachanga. Ziwa likiwa jeupe usiku dagaa hawaifuati taa, basi kazi hakuna mpaka giza lirudi.

Amri kaleta taa na betri yake nyumbani, kama kila mbalamwezi. Kaifuta kwa fulana kuukuu, kaisukuma uvunguni mwa kitanda changu. Marehemu baba yake alikuwa akileta karabai, nyumba nzima inanuka mafuta ya taa. Hii ya siku hizi hainuki. Kila mvuvi hapa Kibirizi ana taa ya tajiri wake nyumbani wakati huu. Tajiri mwenye mitumbwi hataki kuweka mlinzi, kwa hiyo stoo ni sisi.

Jambo moja linanisumbua. Amri kamwambia tajiri wake, Mbaruku, kwamba giza likirudi atahamia mtumbwi wa tajiri mwingine, kijiji cha Mwamgongo. Mbaruku kacheka. Kamwambia, "Nenda, tutaonana." Sijaupenda huo mcheko, na wala sikuwepo.

Ijumaa, 20 Septemba

Wamemchukua mwanangu.

Walikuja asubuhi, askari na Sadi, mpwa wake Mbaruku. Sadi ndiye aliyeonyesha kitanda. Anakijua, alishakula ugali kwangu mara nyingi akiwa mdogo. Wakaivuta taa uvunguni. Askari akasema mali ya wizi imepatikana. Nikamwambia afande, ingia nyumba yoyote hapa utaikuta. Ingia kwa Sadi mwenyewe, atakuwa nayo. Akasema, "Mama, sisi tunamfuata aliyelalamikiwa."

Sadi alikuwa anatazama miguu yake.

Amri hakubisha. Kavaa ndala zake, kaniambia, "Mama, geuza dagaa, kuna wingu." Ndiyo maneno aliyoniachia. Niligeuza. Sikujua la kufanya jingine.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimepeleka uji kituoni. Ukutani kuna tangazo, nimelisoma polepole mpaka mwisho. Dhamana ni haki, dhamana ni bure. Nikafurahi kama mjinga. Nikasema basi namtoa leo.

Askari wa zamu akaniuliza kitambulisho cha taifa. Sina. Niliandikishwa, nikaambiwa ningoje, nimengoja mpaka leo. Akauliza nimezaliwa wapi. Nikasema Kibirizi. Baba yako? Nikasema kweli, baba alitokea upande wa Uvira kabla hata sijazaliwa. Akatabasamu. "Kumbe wewe Mkongo. Sasa Mkongo atamdhaminije mtu?"

Mimi sijawahi kukanyaga ng'ambo. Milima ya Kongo naiona asubuhi kukiwa hakuna ukungu, basi.

Uji waliupokea. Sijui kama ulimfikia.

Jumatatu, 23 Septemba

Mahakamani. Nimevaa kitenge cha harusi ya dada ili wasinione ovyo.

Kabla ya Amri aliitwa kijana mmoja aliyemgonga mama muuza mboga kwa pikipiki, huko Mwandiga. Mguu umevunjika, mama mwenyewe hakuweza kuja. Kijana shati limenyooka. Wadhamini wake walisimama na vitambulisho mkononi, mmoja anafanya kazi ofisi fulani, wanamwita karani kwa jina. Akatoka kabla ya chai. Pale nje akanisalimia, shikamoo mama. Mtoto mwenye adabu, sikatai. Na Amri wangu ana adabu.

Akaitwa Amri. Kapungua shingo. Wakasoma shitaka: kwamba aliiba taa, mali ya Mbaruku, akaificha uvunguni mwa kitanda. Hakimu akamuuliza ni kweli au si kweli.

Mtoto akasimama wima kama nilivyomfundisha kusimama mbele ya wakubwa. Akasema, "Ni kweli, mheshimiwa, niliichukua, ilikuwa uvunguni."

Nikaona vizuri tu. Nikajisemea, kasema ukweli, sasa wataelewa. Kila mtu anachukua taa, mbalamwezi ikija taa inalala uvunguni, ni mambo ya kila siku. Kwamba hakimu si mtu wa ziwani, katokea huko bara na hajawahi kuona taa ya mvuvi, hilo halikuniingia kichwani. Karani kaandika. Hakimu kaiweka kesi tarehe mbili, kwa sababu taa yenyewe haikuwa imeletwa. Amri karudishwa mahabusu, mdhamini hana.

Nje, mama mmoja anayefagia mahakama kanishika mkono. Kaniambia, dada, mwanao keshakiri wizi. Nikamwambia hapana, kasema kachukua tu. Akaniambia, "Hapa ndani ni kilekile. Siku hiyo watamsomea mambo yote tena. Amwambie hakimu hakuiba, aeleze desturi yenu. Na nyie mlete mashahidi."

Sijui nilifikaje nyumbani.

Alhamisi, 26 Septemba

Giza limerudi. Mitumbwi imetoka jana. Nafasi ya Amri kapewa mwingine.

Nimepita nyumba za wenzake wote. Wote wananipa kigoda, wote wananipa pole. Kwenda kusema mahakamani, hakuna. Mmoja anaumwa mgongo. Mmoja anasafiri kwenda Kasulu. Mmoja alijificha chooni mpaka nikaondoka, na ndala zake zilikuwa mlangoni.

Nimemalizia kwa nahodha wao, Mzee Kasimu, mume wa Mama Riziki ninayeanika naye dagaa. Mtu mzima, kamfundisha Amri kuvuta wavu. Akaniambia, "Mama Amri, mimi nikisimama pale, kesho mtumbwi nitapewa na nani? Hawa watoto watakula maneno yangu?" Hakuwa anatania.

Nimemchukia. Naandika hivyo hivyo, nimemchukia. Mama Riziki alinisindikiza hadi njiani, kanifungia muhogo kwenye kanga.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimemwona. Dakika chache, askari kasimama katikati. Nimemweleza habari ya kukiri. Akasema, "Lakini mama, niliichukua kweli." Nikamwambia ndiyo baba, ulichukua, hukuiba, waambie hivyo, usiishie katikati. Akasema atasema. Halafu akauliza kama mvua imeshaanza kuwaharibia watu dagaa.

Analala kwa zamu, chumba hakitoshi. Anakohoa.

Jumatano, 2 Oktoba

Hakuletwa. Gari la mahabusu halina mafuta. Nimekaa kwenye benchi toka asubuhi na maandazi yake kwenye mfuko. Mbaruku alikuja, kakaa kidogo, simu ikamwita, kaondoka na gari lake. Hakimu kaahirisha hadi tarehe kumi na saba. Hakuna aliyeniuliza mimi nimekujaje wala nitarudije.

Maandazi nimempa mama wa kufagia.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza. Dagaa wa jana wameoza wote, wamekuwa kama uji. Nilichelewa kuwaanua, nilikuwa nimekaa tu nawaza. Nimelia kwa ajili ya dagaa. Nadhani ni kwa ajili ya dagaa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mwezi umekua tena. Mitumbwi inavutwa mchangani. Leo wavuvi wa Mbaruku wamerudi makwao na taa, kila mmoja na yake, begani, mchana kweupe, wamepita mbele ya mlango wangu. Mzee Kasimu naye. Kaangalia upande wa ziwa.

Nilidhani Mbaruku atazikusanya, kwa sababu ya kesi. Hakuzikusanya. Stoo yake iliwahi kuvunjwa na wezi, na mlinzi hataki kumlipa. Au hakuona kama sisi ni watu wa kuogopwa.

Nimemwambia Mama Riziki hivyo tukigeuza dagaa. Aliacha kugeuza. Akauliza kesi ni lini. Nikamwambia Alhamisi. Akasema "ehe" na kuendelea na kazi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nataka niandike leoleo.

Nilikwenda mapema, peke yangu. Nimekaa benchi lilelile. Nikasikia askari wa getini anauliza kwa sauti, "Nyie akina mama, mnauza nini hapa?"

Nikachungulia. Mama Riziki yuko mbele. Nyuma yake wake za wavuvi, hata mke wa yule wa chooni. Kila mmoja na taa kichwani, imefungwa kanga.

Mama Riziki akasema, "Hatuuzi, baba. Tumeleta mali ya wizi. Ilikuwa uvunguni."

Askari akadhani anafanyiwa mzaha. Akasema taa haziingii. Mke wa yule wa chooni akamwambia, "Basi tukamate sisi tuingie, taa zibaki." Watu wakacheka. Wakazipanga ukutani, taa baada ya taa, na wao wakakaa chini, miguu wamenyoosha. Nikamuuliza Mama Riziki, mzee anajua? Akasema, "Alikuwa amelala. Mbalamwezi hii."

Hakimu alipofika akasimama. Kauliza ni nini hizo. Kaelezwa. Kaingia.

Amri kaletwa, kakonda. Wakamsomea yote. Akasema, na sauti ilikuwa nzima, "Nilichukua, mheshimiwa, kama wenzangu wote tunavyochukua mbalamwezi ikifika. Tajiri anajua. Sikuiba." Hakimu akamwambia karani aandike kwamba amekana. Kisha akamgeukia Mbaruku. Akamuuliza, taa zile zilizopo nje ni za nani.

Mbaruku aliangalia dirishani. Akasema ni zake. Hakimu akauliza, na hizo nazo zimeibwa?

Mbaruku akasimama akakohoa akasema kwamba yeye ni mtu mzima, hana kinyongo, huyu ni kijana wetu, ameamua kumsamehe. Anaiondoa kesi.

Kumsamehe.

Hakimu kaandika. Kesi imeondolewa. Hakuna aliyesema Amri hakuiba. Nilingoja lisemwe, nikafikiri litakuja mwishoni. Wakaita kesi nyingine. Mlangoni askari akatuambia mshukuruni mzee Mbaruku, ana roho nzuri. Na mimi nikaenda nikasema asante. Nilimpa na mkono. Niliogopa atabadili mawazo. Naona aibu mpaka sasa, lakini ningerudia.

Wake za wavuvi walibeba taa zao wakarudi. Mama Riziki mumewe kamgombeza, nimesikia ukutani, nyumba zetu zimepakana. Baadaye nikasikia wanacheka.

Ijumaa, 18 Oktoba

Amri kalala hadi adhuhuri. Nimempikia samaki, migebuka wa mawese. Kala kidogo. Nimesimama mlangoni mara nyingi kumwangalia anavyopumua.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kaenda Mwamgongo na boti ya asubuhi. Kule wanamhitaji. Hapa kuna wanaomwita "bwana msamaha". Wanatania tu, najua. Yeye hacheki.

Yule mama wa mboga wa Mwandiga nimeonyeshwa sokoni, anatembea na fimbo. Nimemuuliza kesi yake. Anasema haitwi, kila akienda anaambiwa bado. Nimenunua mchicha wake wote, sikuwa na haja nao.

Jumatano, 13 Novemba

Mbalamwezi tena. Amri karudi kupumzika, kashuka na boti ya asubuhi, kifuko mgongoni na taa mkononi. Taa ya tajiri wa Mwamgongo. Huko nako tajiri hana stoo.

Kaifikisha mlangoni, kaiweka chini, kakaa pembeni yake. Nikamwambia ingia, chai inapoa. Akauliza, "Mama, hii tuiweke wapi?"

Nikamwambia mahali pake.

Kaingia, kapiga magoti, kaisukuma uvunguni. Kakaa kidogo. Kisha kaitoa, kaifuta, kaiweka mezani karibu na dirisha, kafungua pazia lote. Wapitao njia wanaiona.

Nimemmiminia chai. Kisha nikatoka kugeuza dagaa, kuna wingu upande wa Kongo.