Siku Thelathini na Nane Koki Ikiwa Wazi

Kambi ya Palo Seco,
Nafasi namba 31 (si 14 tena),
Arizona.
27 Januari.

Mpendwa Dada Ardis,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nafuu ya nyonga, na shemeji Gaylen anaona vizuri tangu atolewe mtoto wa jicho. Hapa usiku baridi, mchana jua la kuanikia nguo. Goti langu jipya linakunja vizuri kuliko daktari alivyotarajia. Mikate ya viazi uliyonitumia kwa Krismasi ilifika ikiwa mizima, vipande ishirini na vinne, na nilikula vinne. Vingine Delmar alivimaliza kabla sijarudi kutoka hospitali.

Kwa kuwa nimeshamtaja mdogo wetu, niendelee naye.

Unajua nilikuwa Phoenix siku thelathini na nane kwa ajili ya goti, na Delmar akabaki kulinda trela ninamoishi. Kabla sijaondoka nilimweleza mara mbili. Trela ina matangi mawili ya maji machafu, moja la sinki na bafu, moja la choo. Koki ya tangi la choo, kile kibamba cha kuvuta, hufungwa. Unangoja lijae theluthi mbili, ndipo unaivuta kwa mkupuo mmoja, na uzito wa maji unasukuma kila kitu kwenye bomba la kambi. Kisha unafunga tena. Nikaandika hayo kwenye karatasi, nikaibandika juu ya choo, mahali ambapo mtu hana kingine cha kusoma.

Nilirudi na magongo yangu nikakuta koki iko wazi. Ilikuwa wazi tangu siku niliyoondoka. Maji yote yalikuwa yamejiendea zake, na yale yasiyo maji yamebaki yakarundikana chini ya choo kama kichuguu, yakakauka. Harufu ilikuwa imefika nafasi namba 19.

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, kwani nyumbani nani anafunga bomba la choo?"

Miaka ishirini na sita niliendesha basi la shule na kulitengeneza mwenyewe. Trela hii niliinunua ikiwa gofu nikaweka kila bomba kwa mikono yangu. Wewe na yeye mnalijua hilo.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Meneja wetu, Bi Renwick, alikuja na daftari lake. Akanipa siku tano niondoe harufu, akaniambia atakuja Jumamosi kukagua. Tangi likivuja hata kidogo, nafasi namba 14 inakwenda kwa mwingine, na waliokuwa wakiingoja walikuwa ishirini na saba. Sikumlaumu, sheria hiyo niliisaini.

Ile nafasi nimekaa majira kumi na moja ya baridi, saba nikiwa na Orrin. Benchi la saruji alilomimina mume wangu mwaka wake wa mwisho liko pale, na alama ya kiganja chake iko upande wa kulia. Benchi halihamishiki, nilishapima.

Nikafunga koki, nikajaza galoni arobaini za maji, nikaacha yaloweke siku nzima. Nikavuta, zikatoka galoni kama kumi na mbili. Nikajaza tena. Jirani yangu Wendell akaifunga trela kwenye gari lake, akaizungusha kwa muda wa saa mbili kwenye njia ya mawe ili itikisike, mimi pembeni yake goti limevimba kama boga. Mara ya tatu kichuguu kikaachia. Siku ya Ijumaa jioni tangi lilitoa maji yasiyo na rangi. Nililia kidogo, sitakuficha.

Jumamosi Bi Renwick akafika. Nilikuwa nimejaza maji safi ili aone tangi linashika. Akaniomba nitoe mpira unaounganisha koki na bomba la kambi, aone kama koki inafunga sawasawa. Nikautoa. Dada, ukiiacha koki wazi wiki tano na ushee, uchafu unakauka ndani ya mfereji inamopita, nayo haifiki mwisho tena. Ningepaswa kukumbuka. Galoni tisa zilimwagika kwenye kokoto, mbele ya viatu vyake.

Delmar alikuwa kaketi kwenye benchi la Orrin. Akasema, "Leo hata fundi mkuu kakosea."

Sasa niko namba 31, ubavuni mwa shimo ambako trela zote zinazopita huja kumwaga matangi. Jana zilikuja kumi na saba. Pale 14 yupo mtu na mkewe kutoka Saskatchewan, watu wazuri. Wanaanika taulo kwenye benchi.

Nilipokuwa napakia, Delmar akaniambia jambo ambalo wewe hukuniandikia. Kwamba usiku wa kwanza alikupigia simu kukuuliza habari ya karatasi yangu, ukacheka, ukamwambia, "Lavonne tangu utotoni ni mtu wa masharti. Iache wazi tu, ijimwage yenyewe." Umeketi kwako Bemidji, ambako bomba linateremka mtaani na hakuna anayeliwaza, ukaamua juu ya nyumba yangu.

Sitaki pole, wala usinitumie mikate. Nataka umpigie simu Delmar, umwambie kwa mdomo ule ule kwamba mimi nilikuwa sahihi na wewe ulikosea. Hajawahi kulisikia hilo kutoka kwako tangu azaliwe, na ana miaka hamsini na tisa.

Ukishampigia, njoo Februari kama tulivyopanga. Kitanda kipo. Karatasi bado iko juu ya choo, na koki nitaishika mwenyewe.

Nisalimie shemeji Gaylen, mwanao Karsten na mkewe, na shangazi Borghild akiwa bado anatambua majina. Mungu awafikishe majira ya kuchipua nyote mkiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo,

Lavonne