Salamu Nilizokusingizia

Katy, Texas
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya Neema, ambaye amekaa hapa mezani ananisimamia kama mwalimu wa zamu nisije nikaacha kuandika. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mtoto wa Mzee Kisiri ilikufikia, au imeishia Mwanza? Mahindi je, mmeyaingiza ndani yote? Sisi huku tu wazima. Anna anaingia zamu za usiku hospitalini, tunapishana mlangoni kama wapangaji, lakini mzima.

Shemeji Rhoda, najua ni wewe unayemsomea mama. Nakujua ulivyo na huruma, ukifika pabaya utaruka. Leo usiruke. Soma yote, na akinuna mwache anune.

Mama, mdogo wangu Yohana alinipigia simu juzi. Akaniambia ulipaka chokaa chumba cha mbele, ukaazima kitanda kwa mke wa mchungaji, na yule jogoo mweupe ukamfunga kamba ili asiguswe na mtu. Akasema kila basi lilipopiga honi kule barabarani ulikuwa unatoka nje kuangalia. Yote hayo kwa sababu mimi nilimwambia Yohana, kwa kujisifu tu, kwamba shule zikifungwa naja Afrika na Neema. Sikumfafanulia. Yohana akakuletea habari, na wewe ukafanya ambalo mama yeyote angefanya. Mtu akiambiwa mwanawe anakuja Afrika, atadhani anakwenda kwa nani?

Kuja nilikuja kweli. Nilifika Afrika Kusini, nikatazama wanyama, nikatazama ngoma za Wazulu, nikapanda ndege nikarudi Texas. Kwako sikufika. Nakuandikia nikueleze ilivyokuwa, maana nikikuomba radhi bila kukueleza nitakuwa nakudanganya tena.

Unamkumbuka Bi Ernestine? Yule Mmarekani mweusi niliyepanga chumba kwake kule DeSoto, upande wa Dallas, nilipofika nchi hii mara ya kwanza. Ndiye aliyekuwa nami sebuleni siku Yohana alipopiga simu kwamba baba amefariki, na ndiye aliyenipikia chakula nikashindwa kukila. Siku hizi amestaafu ualimu, na kanisa lake liliandaa safari ya kikundi, mbugani kwanza, halafu kwa Wazulu. Akanipigia akasema, njoo na mtoto, tunataka Mwafrika wetu wa kwenda naye. Nikamwambia kwamba mimi na Wazulu hatujuani, kutoka kwetu mpaka kwao ni mbali kuliko hapa na New York. Akasema njoo hivyo hivyo. Neema alikuwa karibu na simu, ameshasikia habari ya tembo, kwa hiyo mjadala ukaisha.

Tulipotua kule, wale wamama wa kanisani walilia. Bi Ernestine alipotoka nje ya uwanja wa ndege aliinama na magoti yake mabovu yale, akaweka kiganja chini, akasema amefika nyumbani. Huyu ni mtu ambaye mababu zake waliuzwa, hajui hata walitoka nchi gani, na analia kwa kufika. Mimi ninayejua komeo la mlango wetu linavyokwama wakati wa mvua nilikuwa nimesimama pembeni nahesabu mabegi. Niliona aibu, mama, lakini nikajiambia ni uchovu wa ndege.

Huko mbugani walinigeuza profesa. Yule ni swala gani? Ndege huyu mnamwitaje? Nikawaambia jamani mimi ni mhasibu, wakadhani najishusha. Simba mimi sijawahi kumwona maishani mpaka safari hii, na nilipomwona nilijisogeza nyuma ya Bi Ernestine. Mtu aliyekulia Bunda. Ningekuwa na baba angenicheka mwezi mzima.

Tembo ndio ninaowajua, na ndio walioniumbua. Gari letu lilikuwa wazi pande zote, na aliyetuendesha ni kijana wa Kizulu anaitwa Bheki, mpole, anayejua kila unyayo. Akazima injini. Dume moja likatoka vichakani, karibu kabisa, linakula. Watu wote kimya, wengine wameziba midomo, Neema anapiga picha kwa furaha. Sijui kilichonipata. Lile dume lilipozungusha mkonga kwenye tawi na kulivunja, mimi niliona mahindi yetu. Kabla sijawaza lolote nilikuwa nimesimama napiga bati la gari kwa viganja viwili, napiga na makelele: "Hoyaa! Toka! Toka hapo!" Hasa vile tulivyokuwa tukifanya, mimi niko juu ya dungu na wewe upande wa pili na debe lako.

Tembo wa kwetu hukimbia, au angalau hufikiria kukimbia. Huyu alitandaza masikio akaja. Bheki alirudisha gari kinyumenyume kwa kasi mpaka kofia ya mama mmoja ikabaki kule. Wamama waliliita jina la Bwana Yesu kwa pamoja. Tembo akasimama, akatutazama, akarudi kwenye tawi lake. Tulipofika mbali Bheki akageuka akaniuliza kwa upole, "Baba, ulitaka watufie hawa?" Angenitukana ningeona nafuu.

Jioni mezani Neema akaniuliza. Yeye Kiswahili anakisikia, ila kujibu anajibu Kiingereza, na hilo nalo ni kosa langu. Akataka kujua kwa nini nilimfanyia vile mnyama ambaye hakutukosea chochote. Basi nikamweleza, mama. Nikamweleza habari ya dungu, na baba na mwenge wake, na wewe na debe, na ule mwaka tembo waliomaliza shamba lote tukala mihogo mpaka mvua nyingine. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Akasikiliza, halafu akauliza, sasa hivi debe anapiga nani? Nikamwambia, bibi yako. Akauliza, na umri ule? Nikasema yuko na mama yako mdogo Rhoda. Akauliza, na wewe? Akaweka uma chini, asile tena. Wenzetu pale mezani walikuwa bado wanasifia ukubwa wa yule tembo.

Baadaye tukahamia kwa Wazulu. Ni boma lililotengenezwa kwa ajili ya wageni, lakini wanaoishi humo ni watu kweli. Nyumba zao ni za nyasi, za mviringo, mlango mfupi mpaka uiname, na zizi la ng'ombe liko katikati. Bheki akatuambia kwao mtu haingii tu. Mnasimama langoni, mmoja wenu anaita, mnangoja mpaka mwitikiwe. Kikundi kizima kikanisukuma mimi mbele. Kizulu sijui, kwa hiyo nikasema ninachokijua: hodi. Sauti ikatoka kubwa mno wakacheka wote, isipokuwa Bi Ernestine, aliyekuwa ananitazama tu. Hodi hiyo ilikuwa ya kwanza kuipiga kwenye boma la Kiafrika kwa miaka kumi na moja, na nilikuwa naipiga kwa watu wasionijua.

Ngoma yao ungeipenda. Vijana wanarusha mguu mpaka juu ya kichwa, wakiushusha ardhi inaitika. Wakanivuta nami niingie. Nilirusha mara moja tu, nyonga ikanijibu, nikaenda kukaa.

Kando ya nyumba moja alikuwepo bibi, gogo wanavyomwita wao, amenyoosha miguu anasuka mkeka. Hakuwa anatuonyesha sisi kitu, alikuwa na kazi yake. Neema akaenda kumsimamia mbele kumtazama. Bibi akapigapiga ardhi kwa kiganja, na Bheki akamweleza Neema kwamba mtoto hasimami juu ya mkubwa. Neema akapiga magoti pale pale, kisha akanigeukia na kuniuliza kama hata kwetu ni hivyo. Nikasema ndiyo. Akauliza mbona sikumfundisha.

Bibi akauliza kupitia Bheki tunatoka wapi. Nikasema kwetu Tanzania. Akafurahi. Akasema kumbe mmepitia nyumbani, je, wazima huko? Ndivyo wanavyosalimiana, mama, wanakuulizia watu wa kwenu. Ningeweza kusema sijapita, na bibi yule asingenifanya kitu. Badala yake nikasema, "Wazima kabisa. Wiki iliyopita tulikuwa kwa mama. Anakusalimu sana."

Yalitoka laini, kama ya kweli. Bheki akatafsiri. Neema yuko pale kwenye magoti yake anasikia kila neno, na Bi Ernestine yuko nyuma yangu. Na wewe wakati ule, kwa hesabu ya Yohana, ulikuwa unatoka nje kuangalia basi.

Yule bibi aliacha kusuka. Akauliza kama mama yangu amemsalimu yeye, mtu asiyemjua. Nikaitikia kwa kichwa. Akanyanyuka taratibu, akainama akaingia ndani, akatoka na mkeka uliokwisha kusukwa, umeviringishwa na kufungwa kwa uzi mwekundu. Hakunipa mimi. Alimpa Neema, naye akaupokea kwa mikono miwili bila kuambiwa. Bibi akasema, "Mpelekee bibi yako. Mwambie salamu zake zimenifikia." Nilipoingiza mkono mfukoni, Bheki alinikataza kwa macho.

Kwenye basi Bi Ernestine alikuja akakaa pembeni yangu. Akasema yeye angeonyeshwa mlango wa bibi wa bibi yake, hata uwe umebaki nguzo moja, angeuendea kwa magoti. "Wewe unaujua wako," akasema, "na unauzungushia uongo." Nikamwambia kazini hawakunipa siku za kutosha. Akasema, "Haya," akatazama nje.

Siku nilikuwa nazo. Tuliporudi nilikuwa na wiki nzima ya likizo bado, na niliimaliza hapa Katy nikikata majani na kupaka rangi mlango wa gereji.

Ukweli ni kwamba naogopa. Mwanzoni sikuwa na makaratasi, ningetoka nisingeweza kurudi, na hilo unalijua. Baba akafa, mkaningoja, mkachoka, baba mdogo Magesa akatupia kaburini udongo wa kwanza ambao ulikuwa wangu kuutupa. Makaratasi yakapatikana mwaka uliofuata. Nikasema nitakuja Krismasi. Halafu nikasema Pasaka. Kila ninavyochelewa aibu inazidi, na aibu ikizidi nachelewa tena. Wala siogopi kukukuta umekasirika, mama. Naogopa kukukuta hujakasirika, umenipakia chumba chokaa. Ndiyo maana Yohana aliponiambia habari ya kile kitanda nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini nikalia kama mtoto.

Mkeka wako uko nyuma ya mlango wa chumba cha Neema. Haruhusu mtu aufungue. Nilimwambia tuutume kwa posta, utafika. Akaniangalia akasema, "Ni wa Bibi. Hautumwi." Kwa Kiswahili, mama. Nilikuwa sijamsikia akianza sentensi kwa Kiswahili tangu aanze shule.

Kwa hiyo tunakuja Desemba. Safari hii ni Bunda, na tiketi nimeshazishika mkononi, mbili, na ya Anna hospitali wakimwachia. Kitanda kirudishe kwa wenyewe, Neema anasema atalala na wewe kwenye mkeka. Langoni atatangulia yeye, nao begani, mimi nitakuwa nyuma yake. Shikamoo anaifanyia mazoezi kwenye zulia, magoti chini, mbele ya paka. Kabla sijapewa hata maji naomba nipelekwe kwa baba. Na tembo wakija usiku wa kwanza, debe nipe mimi, wewe ulale.

Nisalimie baba mdogo Magesa, mwambie najua alisimama mahali pangu na sijawahi kumshukuru. Msalimie shangazi Nyanjige, na mke wa mchungaji mwenye kitanda. Yohana akija kutoka Mwanza mwambie simu yake ilinipiga pale palipostahili. Na wewe shemeji Rhoda, kama umefika hapa bila kuruka, asante sana.

Nina ombi moja, mama. Yule bibi mpaka leo anaamini ulimsalimu, na mkeka wake ameutoa kwa salamu hizo. Naomba umsalimu. Ukiwa hapo uani asubuhi, useme hata kwa sauti ndogo, hujambo mama wa huko, mkeka wako unakuja. Ili katika yote niliyosema siku ile, angalau hilo moja liwe kweli kabla sijafika.

Mwanao uliyemngoja,
Masatu