Unga Mweusi Usiotaka Kuyeyuka

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo, na kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi imenikaba.

Uliniuliza huku maabara napika nini. Ni unga mweusi, Mama, plastiki inayopitisha umeme. Tukiweza kuiyeyusha, tutaipaka kama wino. Tatizo ni kwamba nyuzi zake ni ndefu na ngumu, zimekumbatiana hadi dawa ya kuyeyushia haipati pa kupenya. Kwa hiyo naziunganishia mikia midogo pembeni ili ziachane. Mikia nayo ikizidi urefu, umeme unagoma kupita. Unga ukiyeyuka tu, profesa ananipa ruhusa, nakuja nyumbani.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mimi sijambo, kifua ni kilekile, usikitie maanani. Barua yako nimewasomea wateja, saluni nzima imekufa kwa kicheko. Nywele zikishikana sisi tunatia mafuta tunachana, wewe umekwenda kusomea!

Lakini unakuja lini? Nina hamu nawe kupita kiasi. Kuna neno nataka tukae tuongee, si la kuandika.

Mama yako

8 Aprili

Mama, shikamoo!

Umeyeyuka! Chupa nzima ni zambarau, chini hakuna hata chembe. Nimeruka mpaka fundi wa mitambo akadhani nimeungua. Jumamosi nitakuwa nyumbani, nitandikie kitanda changu.

Mwanao

10 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Niliuyeyusha ukiwa moto, na kwa kiherehere changu nikakuandikia kabla haujapoa. Asubuhi nimeukuta umeganda, nageuza chupa juu chini wala haumwagiki. Profesa amesema ruhusa hakuna. Nivumilie kidogo. Lile neno niandikie basi.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya pili ilichelewa. Jumamosi nilifunga saluni mapema, nikakaa mlangoni mpaka giza likaingia. Sikukasirika, niliumia tu. Shuka nitazitandua zisije zikashika vumbi.

Neno langu lisikunyime usingizi, litangoja. Mwandiko umekwenda upande kwa sababu mkono umechoka kusuka. Fanya kazi yako uimalize.

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimebadili mikia, sasa ni mifupi yenye matawi. Safari hii nimeacha chupa ipoe, nikailaza kwenye friji, haijaganda. Na umeme unapita! Nakuja kweli. Nijibu hata mstari mmoja, moyo wangu hautulii.

Mwanao

14 Juni

Mama,

Shangazi alinipigia simu kabla sijafunga begi. Nimefika, umeshazikwa. Ameniambia tangu Machi ulikuwa unakaa tu saluni, husuki, na daktari alikuwa ameshakwambia kifua hakitapona. Kumbe neno lenyewe ndilo hilo.

Chupa nimeiweka mbele ya kioo chako cha saluni. Bado ni maji, haijaganda. Nina hasira na wewe kwa kunificha, na zaidi na nafsi yangu.

Ulisema utatandua kitanda. Hukutandua. Shuka ziko vilevile, foronya umeipiga pasi. Nimeshindwa kupanda, nimelala chini.

Shikamoo, Mama.

Mwanao