Robo Yako Iko Kwenye Friji

Kaka,

Huku tunaendelea. Bomba la jikoni bado linavuja, na paka wa jirani amezaa kwenye kabati letu.

Jumapili Baba alitaka ile saladi aliyokuwa akiwatengenezea wageni hotelini. Unamjua: alikaa kitini akaniamrisha kama enzi zake. "Kata letusi vipande vinne, ila kikonyo usikitoe! Kikitoka, majani yote yanatawanyika." Nikakoroga sosi nzito ya mayonezi, mtindi na kitunguu saumu. Kipande chake, changu, cha shangazi na chako.

Koo lake lilishaziba, hata maji yalikuwa yanampalia. Alilamba sosi kidogo, akakunja uso. "Chumvi imezidi. Kaka yako yuko wapi?"

Nikasema uko njiani. Nilimdanganya, na nusu ya dhambi hiyo ni yako.

"Basi chake kiweke kwenye friji. Sosi usikimwagie mpaka afike, kitalegea."

Bado kipo, kikavu, kimeanza kuwa cheusi. Shangazi anataka kukitupa, nimemkatalia.

Ile ruhusa ya kazini usihangaike nayo tena. Tulimzika juzi.

Mdogo wako