Kompyuta ya Marehemu Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Huku tu wazima, ila kitambi changu siku hizi hunitangulia mlangoni. Kompyuta ya marehemu mumeo ilifika salama. Nimeifanya seva, yaani mashine moja inayowahudumia wanafunzi wangu wote wanapojifunza kutengeneza tovuti. Haitusumbui sana. Shemeji alijua kuchagua vitu.

Umeniuliza mara tatu kama nimekutolea humo zile sauti zake alizojirekodi akimwimbia mtoto. Dada, niwie radhi. Siku ya kuiandaa, wanafunzi walijipanga nyuma yangu kutazama. Mashine ikauliza kama ifute kila kitu kilichomo. Nikakumbuka ulivyonisihi, nikasita. Mmoja akasema, "Ha! Mwalimu, na wewe unaogopa kitufe?" Darasa zima likaangua kicheko. Unanijua ndugu yako kwa kupenda sifa: nikabonyeza. Ilichukua dakika nne. Baadaye niliipeleka kwa mafundi wawili, na wote walitikisa kichwa.

Mpwa wangu asiendelee kungoja. Mwambie ni mjomba aliyezifuta, wala usinipambe.

Wanafunzi wameipa seva jina la Shemeji, kwa kuwa ndivyo walivyonisikia nikiitaja. Ikikwama kidogo, hupiga kelele: "Mwalimu, Shemeji hajibu! Tumfufue?" Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nami, ili wasiniulize kitu, nacheka nao.

Mdogo wako,
yule mwoga wa kuchekwa