Povu la Kumnyolea Kijana Wako

Mama mpendwa, mkaza mwanangu wa pekee,

Tangu siku tuliyokuzika Baba aligoma kunyolewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama anakula. Ndevu zilimjaa hadi shingoni, nyeupe, zimejikunja, na yule mwanamume uliyekuwa ukimtoa mlangoni kila Jumapili mashavu yaking'aa akawa mtu wa kukaa kwenye kochi langu hapa Ngara akitazama ukuta. Kanisani hakwenda tena. Alisema mtu haendi mbele ya watu na ndevu kama hizo. Nikimwambia basi tuzinyoe, alisema mwenye kumnyoa hayupo.

Nikaapa kwamba atanyolewa, tena kwa sabuni yako ile ile ngumu na brashi yako ile ile, hata kama ingenichukua mwaka mzima. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua siko peke yangu. Kuna watoto wengi walioachiwa baba wa aina hii, na hakuna aliyewafundisha kazi.

Kwanza niwaeleze wasomaji kwa nini nakuita mkaza mwanangu, wasije wakadhani nimechanganyikiwa. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Mimi ni Nyambura kwa sababu nyanya alikuwa Nyambura. Ndiyo maana Baba ameniita Maitu, yaani mama yangu, tangu nikiwa mgongoni, na ndiyo maana wewe uliniita mama mkwe. Nikilia uliwaambia wageni kwamba mama mkwe ana hasira leo. Baba akikosea ulikuja kumshtaki kwangu. "Mama mkwe, kijana wako ameingia na gumboot hadi chumbani." Nami, mtoto wa chekechea, kidole mdomoni, nilipaswa kutoa hukumu.

Mchezo huo haukuisha hata pale hospitalini. Ulinishika mkono, sauti imebaki kidogo sana, ukasema, "Mama mkwe, nakurudishia kijana wako." Nilicheka, nawe ukacheka. Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile, na nakwambia ukweli, yalikuwa mazito. Nilirudishiwa kijana nisiyejua hata kumpaka povu.

Unakumbuka ulivyoanza wewe? Baba alikuwa na bucha Dagoretti, na siku moja kisu kiliteleza kikamkata mkono wa kulia hadi kwenye mshipa. Walimfunga bandeji kubwa kama mkate. Ulichukua brashi na wembe ukasema ni mpaka apone tu. Akapona. Akarudi kukatakata mbavu za ng'ombe kama zamani, lakini wembe hakuudai, na wewe hukumrudishia. Nilipenda kuwatazama nyuma ya nyumba kule Kinoo, yeye kwenye kigoda, taulo shingoni, wewe umesimama na kikombe cha bati chenye ile sabuni ya duara. Mtu aliyeshinda wiki nzima katikati ya visu alikuwa akifumba macho kabisa wembe ukipita kooni. Ulimcheka kila Jumapili, naye kila Jumapili alikasirika kidogo.

Siku ya kwanza niliyojaribu, Mama, ungeona aibu. Nilichukua brashi kavu nikaisugua sabuni kama ninayesugua sufuria iliyoungua. Hakuna kilichotoka. Nikamwaga maji mengi, yakatoka mapovu makubwa makubwa ya kuoshea vyombo, nikampaka hivyo hivyo. Yalimteleza hadi ndani ya kola. Baba alijipangusa na taulo taratibu.

"Hiyo si povu, Maitu," akasema. "Hiyo ni mate."

Akarudi kutazama ukuta wake. Kaka yangu Kamau, ambaye hupenda njia ya mkato, alileta povu la mkebe, lile la kubonyeza. Baba alilinusa kwenye kidole akasema hilo ni la kuwekwa juu ya keki. Lakini siku hiyo, labda kwa kutuonea huruma, alitoa sharti. Povu likisimama vile lako lilivyokuwa likisimama, atakaa anyolewe. Lisiposimama, tumwache na ndevu zake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kusikia anataka kitu chochote, na nililishikilia sharti lile kama mtu aliyepewa kazi.

Nikaanza mazoezi kwenye mguu wangu mwenyewe, asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilijikumbusha mikono yako, maana maelezo hukuwahi kutoa. Brashi uliilaza kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, na sabuni nayo uliimwagia maji kidogo ukaiacha wakati chai ikichemka. Nikikuuliza mbona hufanyi chochote, ulijibu, "Naiamsha." Kisha ulimwaga yale maji, ukaikung'uta brashi ikabaki na unyevu tu, ukaizungusha juu ya sabuni bila kuikandamiza hadi ikabeba kitu kizito kama uji wa mtoto. Hapo ndipo ulipochovya ncha za vidole na kuongeza tone, ukazungusha, ukaongeza tone lingine. Mimi nilikuwa nikikosea kwa kumwaga, wewe ulikuwa ukidondoshea.

Nilifanya hayo yote. Nilifanya mpaka kifundo cha mkono kikauma. Na bado, Mama, povu liliinuka vizuri kisha, kabla sijamaliza mguu mmoja, likavunjika na kubaki utando wa kijivu kama maziwa yaliyoharibika. Niliilaumu sabuni, nikanunua nyingine kwenye maduka ya jumla hapa Ngara. Ikafanya vile vile. Niliilaumu brashi, lakini sikuweza kuitupa. Nilikaa sakafuni bafuni nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, kisha nikanawa uso nikaenda kufua.

Nilikuwa nafua shati jeupe la Baba, lile la kanisani, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba atalivaa. Sabuni ya kipande nayo ikakataa. Karai zima lilikuwa maji ya kijivu yenye utando juu. Jirani yangu alikuwa akianika nguo zake kando yangu, nikamwonyesha.

"Hii maji ya borehole inakula tu sabuni," akasema bila hata kuinua kichwa. "Hapa utanunua sabuni mpaka uchoke."

Nikabaki nimeshika shati likinichuruzikia miguuni, kwa sababu nilikusikia wazi kabisa: "Mama mkwe, lete maji yako."

Kila Jumapili ulinituma hivyo, jagi mkononi, hadi kwenye lile tangi jeusi linalokusanya maji ya mvua kutoka mabatini. Bomba lilikuwa hapo hapo jikoni. Mimi nilidhani ni utani wa jina langu tu, kwa vile Nyambura ni jina la mvua, na nilijivuna sana kubeba maji yangu. Kumbe ulikuwa unajua kwamba ya bomba nayo yalitoka kisima kirefu kama haya ya hapa, na yangeliua povu. Utani ulikuwa utani, na maelekezo yalikuwa ndani yake, nami nimeishi nayo miaka hii yote bila kujua.

Jumamosi nikaenda Kinoo na jerikeni. Nyumba imefungwa, lakini mpangaji wa nyuma anafagia uwanja vizuri, usiwe na wasiwasi. Aliniuliza kama Ngara maji yamepotea. Nikamwambia hapana, haya ni ya kunyolea, akanitazama kama unavyoweza kufikiria. Tangi lilikuwa na maji, mvua imenyesha vizuri. Nilijaza jerikeni hadi shingoni nikaibeba hadi hapa, nikapanda nayo ngazi zote nikipumzika kila ghorofa, na wallahi hata tone moja sikumwaga.

Leo asubuhi nimeweka kiti karibu na dirisha. Nimeiamsha sabuni wakati chai ikichemka. Nimeikung'uta brashi, nimezungusha, nimedondoshea. Mwanzoni ilikuwa na sauti ya maji, kisha sauti ikapotea, nikajua ni lenyewe kabla sijatazama. Nilipitisha kidole katikati ya povu na mfereji ukabaki wazi, haukufunga. Nikampelekea Baba kikombe achungulie.

Alichungulia kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani akanipa, akaja akakaa kwenye kiti, akainua kidevu na kufumba macho.

Nimempaka shavu moja, nikapaka la pili, na povu la shavu la kwanza bado limesimama. Machozi yalimtoka chini ya kope zilizofungwa yakachora mistari miwili kwenye povu, nami nikapaka povu tena juu yake. Nilipomgusisha wembe shavuni mkono ulianza kunitetemeka.

"Hii maji umetoa wapi?" akauliza, macho bado kayafumba.

"Kinoo."

"Kwa tangi?"

"Kwa tangi."

"Mama yako pia alitetemeka siku ya kwanza," akasema. "Nyoa, Maitu."

Nimenyoa. Nimevuta ngozi kwa kidole gumba kama ulivyokuwa ukivuta, nimemwambia ajaze hewa shavuni, na kooni nimekwenda polepole sana. Alipomaliza kujipapasa aliuliza ibada ya pili inaanza saa ngapi na shati lake liko wapi. Shati lilikuwa limeshapigwa pasi. Wakati naandika haya amesimama mlangoni na viatu miguuni, ananiita mara ya pili, na unajua hajawahi kupenda kusubiri.

Kwa hiyo niseme haraka. Nimempokea kijana wangu, Mama. Nimemkagua kama mama anavyopaswa kumkagua, chini ya ndevu zote, shavu hadi koo, na kwa miaka yote uliyomshikia wembe sijaona kovu hata moja. Umenitunzia vizuri. Sasa pumzika, nitaendelea mimi.

Mama mkwe wako,
Nyambura