Fundi wa Mwenye Nyumba

Baba,

Sauti ya msasa wako haijanitoka. Kwaru, kwaru, kwaru kutoka chumba cha chini, kisha kimya. Kimya kile ndicho kinachonirudia hasa, nami nimesimama sebuleni na birika mkononi, sijui niwatazame wageni au sakafu.

Hatukuizungumza siku ile. Nilikuwa nangoja ujasiri, nawe ukaanguka ukafa kazini, pale ghalani Eagan, huku ughaibuni, kabla ujasiri haujafika.

Unakumbuka Harold, mwenzako wa ghalani, alipokupa bunduki yake ya zamani ya kuwindia kulungu? Ulikicheka kitako chake cha mbao. Ulisema huko kiwandani wamekipaka vanishi nene kama sahani ya plastiki, na wamekichonga kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa. Wewe uliyetengeneza milango Lushoto nzima ungewezaje kukivumilia? Kila Jumapili baada ya ibada ulishuka chini na tupa na msasa. Siku moja ukaniita, ukanikunja mkono, ukapima kwa uzi kutoka kwenye kiwiko hadi kidole cha shahada.

"Mkono mfupi kama wa mama yako," ukasema, ukakata kitako inchi nzima.

Ulikuwa unanitengenezea mimi. Ulitaka majani yakianza kuanguka twende porini pamoja, kama Harold anavyokwenda na binti zake. Nilikujibu, "Tutaona, Baba."

Kisha wakaja wenzangu wa chuo, kuandaa mjadala juu ya silaha zinazopelekwa nchi za kwetu. Hata mmoja hakuwa amewahi kukuona. Tulikuwa tumezama kwenye karatasi zetu, ndipo Wanjiru, yule wa Nakuru, akauliza, "Kwani ni nani anakwaruza huko chini?" Ningeweza kusema ni baba, anapiga msasa mbao. Usingekuwa uongo. Lakini niliwaza wakishuka wataona nini mezani, wataniona mimi ni nani.

"Ni fundi wa mwenye nyumba," nikasema.

Sakafu ile ni ya mbao nyembamba, Baba. Nilijua. Msasa ukanyamaza.

Ngazi ingekupitisha sebuleni, katikati yetu. Ukatokea mlango wa chini, wa uani. Nilikuona dirishani ukipita kwenye theluji na shati tupu, ukaingia garini, ukawasha injini, ukakaa humo mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka. Uliulinda uongo wangu kuliko nilivyoulinda mimi. Ulipoingia ulisema tu, "Wageni wamekula?" Nikajibu wamekula. Nikakumiminia chai. Toba yangu yote ilikuwa kikombe kile. Na tangu hapo, kila nilipotaja wageni, ulikuwa na safari ya dukani.

Tulikurudisha Lushoto kuzikwa. Mama alikupokea. Kabla ya safari wenzangu walikuja kunipa pole, Wanjiru akalia kuliko mimi, hajui kwamba anamlilia fundi yule yule.

Niliporudi nyumbani kwetu Maplewood nilishuka chini. Kitako kilikuwa mezani, uzi wako umeviringishwa juu yake, kimebakiza mafuta tu. Nikataka nikimalize siku hiyo hiyo, kama mtu anayefuta jambo kabla halijaonekana. Nikapaka mafuta ya kitani, yale ya kung'arishia mbao, mara nne kati ya asubuhi na jioni. Kikawa kinanata, alama za vidole vyangu kila mahali.

Harold alipokuja kukitazama alikigusa, akajipangusa kidole kwenye suruali, akasema ungecheka kwanza, kisha ungenipa msasa. Akaniambia pia kwamba ghala lote lilikuwa limechoka kusikia habari za binti yako: amesoma, akili zake kali, atawashinda shabaha binti zake Harold. Sikuweza kumtazama. Wewe ulikuwa ukinitaja kwa kila mtu, na mimi...

Nikakikwangua chote. Safari hii nikafuata njia yako: kitambaa chenye maji, nyuzi za mbao zisimame, zikauke, msasa, tena maji, tena msasa. Mafuta matone machache, kusugua kwa kiganja mpaka kipate moto, kisha kukiacha siku nzima. Ilinichukua wiki mbili. Nilijifunza kukaa na kitu bila kukikimbia.

Jumamosi niliwaalika wale wale wa siku ile, nikawashusha chini. Wanjiru akapitisha kiganja juu ya kitako. "Aki huyu fundi wa mwenye nyumba ni mkali. Alienda wapi?"

Nikasema, "Hapakuwa na fundi wa mwenye nyumba. Alikuwa baba yangu. Na alinisikia."

Hakuna aliyenifariji, na nilishukuru. Wanjiru akauliza jina lako. Nikawatajia, lote, pamoja na la babu.

Sijui kama ningeweza kumfyatulia mnyama risasi. Mawazo yangu juu ya silaha hayajabadilika, na sitajifanya yamebadilika ili kukupendeza. Lakini ninakuahidi kwamba nitakapokuwa na wageni, utakuwa sebuleni.

Lala salama, Baba. Harold aliniuliza kama nitakwenda naye majani yakianza kuanguka, hata kama ni kutembea tu. Ulimi ulikuwa tayari na lile jibu langu la zamani. Nikalimeza. Nimeshamwambia ndiyo, na jana nimempelekea kitako akakifunge kwenye mtutu alioutunza yeye.

Binti yako